Waya Uliokwenda Tinde

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimeshajiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kuvuta mwisho, mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mume wake. Akasema basi nikuulize funguo ya kabati uliiweka wapi, akarudi kwenye mboga zake. Kwa hiyo ujue mapema kwamba sikuandikii kwa kulia. Tulilia sana, Baba, tena sana, lakini wiki hii nyumba nzima inacheka na mwenye makosa ni wewe.

Habari kubwa ni hii: harusi ya Kabula imepatikana.

Najua hukujua kama ilipotea. Ulipofariki, harusi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yako ya mwisho, na ilikuwa haijahaririwa. Ulikuwa umeshaimimina yote kwenye diski yako nyeusi ya kuhifadhia video, ile kubwa, na kadi za kamera ukazifuta ziwe tayari kwa kazi nyingine. Harusi nzima, kuanzia bibi harusi anapambwa mpaka keki, ilikuwa ndani ya kile kisanduku na hapakuwa na nakala popote. Kipindi cha msiba watu walinyamaza kwa heshima. Lakini Kabula anahamia Geita na mume wake, na mama yake akaanza kuulizia video. Mwanzoni aliuliza kwa upole. Baadaye akawa anasema sokoni, bila kushusha sauti, kwamba Baba Limi amezikwa na harusi ya mwanawe. Maneno hayo yalinichoma. Miaka yote uliyobeba kamera Shinyanga hii hakuna aliyewahi kusema umempotezea shughuli yake, na sikutaka waanze kusema sasa wakati wewe huwezi kujibu.

Nikakaa kwenye meza yako. Unajua hukuwahi kuniachia hiyo meza. Mimi kazi yangu ilikuwa taa na kamera ya pili, kompyuta ilikuwa yako, na nyaya zote zilishukia nyuma ya kabati ambako hata Mama alikatazwa kufagia. Nikachukua waya wa printa, ukaingia kwenye diski vizuri kabisa, nikachomeka. Kompyuta haikusema kitu. Nikahamisha tundu, nikajaribu la mbele, la nyuma, la ubavuni. Nikazima nikawasha. Nikaenda kuazima kompyuta ya jirani wa stesheneri, na yenyewe ikanyamaza vilevile. Nikafungua mpaka ile sehemu ya ndani inayoonyesha diski zote, hata zile mbovu, haikuwemo.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Akaigeuza mara moja, akasema hii imekufa, akashika bisibisi aifungue. Baba, neno hilo nilikuwa nimeshaambiwa hospitalini mwaka huu na nilikuwa nimelichoka. Nikamnyang'anya diski yangu nikaondoka, naye akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa. Njiani nikaiweka sikioni, nikaitikisa polepole. Ilikuwa kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba kwako haikuwa kimya. Ulipoiwasha asubuhi ilikuwa inanguruma kidogo na taa ya buluu inawaka, nawe unasema, "Tusubiri, mzee anaamka." Hii yangu ilikuwa hailali wala haiamki. Nikatazama nyuma yake, na pembeni ya tundu la waya wa printa kulikuwa na katundu kengine kadogo ka duara. Nikajipiga kofi la paji la uso katikati ya barabara. Flashi na diski ndogo zinakula umeme kwenye kompyuta yenyewe, lakini hii kubwa ilikuwa na adapta yake ya ukutani. Diski haikufa, ilikuwa na njaa.

Sasa adapta iko wapi? Hapo ndipo ungecheka mpaka ukae chini. Unakumbuka wazee wa ukoo wanavyogawa vitu vya marehemu siku ya kumaliza msiba. Walitandika mkeka uani, vitu vyako vikatolewa, kila kimoja kikatafutiwa mtu. Koti lako, baiskeli, redio, jembe. Ikatoka diski, wakaifungua nyaya zake kwanza ili waione vizuri. Wakaamua kwamba kisanduku apewe Limi, mtoto wa kwanza, na nyaya apewe Masanja, mdogo wa marehemu, kwa sababu yeye ndiye mwenye king'amuzi. Wote tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Baba. Kila mtu alipata haki yake, na diski ikakosa umeme.

Nikaenda Tinde kwa Baba mdogo. Nilimkuta sebuleni na nusu ya kijiji wakitazama mpira. Nikamwamkia, nikainama nyuma ya televisheni, na nikaiona adapta yako pale chini inawasha king'amuzi. Chaja ya king'amuzi ilikuwa imeungua siku nyingi, ya kwako ikaingia kama imetengenezewa hapo. Nikamweleza shida yangu. Watu wakanitazama kama mwizi. Baba mdogo akafikiri, akatikisa kichwa, akasema, "Hiki ameniachia kaka yangu. Hakitoki mkononi mwangu."

Nikamweleza habari za Mama Kabula na maneno ya sokoni. Hakuyafurahia, maana jina la kaka yake likichafuka ni lake pia. Akasubiri mpira uishe, akachomoa adapta, akaifunga kwenye shati lake jipya, akasema urithi wake utakwenda mjini ila utakwenda na mwenyewe. Ndivyo tulivyofika Shinyanga, mimi na kisanduku changu na yeye na waya wake, kama watu wa pande mbili za posa. Hakukubali nichomeke mimi. Alivaa miwani, akapiga magoti kwenye soketi ya ukutani, akachomeka mwenyewe.

Ikanguruma. Taa ya buluu ikawaka. Baba mdogo akavua kofia.

Kompyuta bado ilikuwa haioni kitu. Lakini nilipofungua ile sehemu ya ndani, safari hii diski ilikuwemo, nzima kabisa. Ilikuwa tu haina herufi ya kuitwa, na kompyuta haifungui mlango kwa asiye na jina. Nikaipa herufi B, ya Baba, nikabonyeza, na folda zako zote zikajitokeza, za harusi na ubatizo na mahafali, majina umeandika kwa herufi kubwa tupu kama ulivyokuwa unaandika kila kitu. Nililia hapo, kidogo. Baba mdogo naye akasema vumbi limemwingia kwenye miwani.

Nikahariri kazi yako siku zilizofuata, taratibu, kwa sheria zako. Nikafika pale wajomba wa Kabula walipoingia na majembe kucheza bugobogobo. Saa hiyo mimi sikuwepo, ulikuwa umenituma nikale, nilikuwa kwa wapishi nyuma ya turubai. Kwenye picha kamera imetulia kwenye stendi, haisogei hata kidogo, nikashangaa kwa nini mpiga video amelala. Halafu nikaona mgongo wa shati la drafti. Nikaona jembe linarushwa juu, linadakwa, linazungushwa, na anayelizungusha ni wewe.

Wewe, Baba! Wewe uliyenifundisha kwamba mpiga video akionekana kwenye video hiyo siyo kazi, ni sifa. Uliyepiga watu maisha yako yote mpaka siku ya kukuzika tukakosa picha yako, tukakuza ile ya kitambulisho, umekunja uso kama unasubiri hukumu. Sikujua kama unaweza kucheza. Mama alijua, kumbe, na hakuwahi kutuambia. Mwisho unarudi kwenye kamera unahema, jasho linakutiririka, unasogeza uso mpaka unajaa skrini nzima, unagundua ilikuwa inarekodi. Unacheka. Halafu unasema, taratibu, kama unaniambia mimi, "Hii tutaikata."

Nilikaa muda mrefu na kidole kwenye kitufe.

Juzi tuliionyesha Tinde nyumbani kwa Mama Kabula. Diski ilinguruma kwenye meza yake, Baba mdogo akiwa amekaa karibu na adapta kama mlinzi. Mama Kabula alitazama yote amekaa, mpaka ulipoingia na jembe. Akasimama, akapiga kigelegele, akataka irudishwe. Ikarudishwa mpaka watoto wakaanza kukuigiza. Kisha akanishika mikono mbele ya watu wote akasema harusi ya mwanawe haijazikwa na mtu, na wewe ndiwe uliyeichangamsha. Keshokutwa Kabula anakwenda nayo Geita.

Picha ya kitambulisho tumeitoa ukutani. Ipo sasa hii ya jasho, nimeichomoa kwenye video, na Mama anaisalimia akipita. Baba mdogo nimempatia chaja nyingine ya king'amuzi, akakubali kuniachia ile yako. Wazee wameitwa, wamekaa tena kwenye mkeka, wamebadilisha mgawo rasmi. Adapta na diski nimezifunga pamoja kwa kamba.

Pumzika, Baba. Kazi za watu naahidi kuziweka sehemu mbili kila mara, na mimi sitaonekana kwenye video ya mtu hata moja. Sheria zako nitazishika zote. Ila ile uliyosema tuikate, sikuikata.

Wabeja sana, asante sana, Baba.

Binti yako,
Limi