Swali la Tano

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, za mdogo kwa mkubwa wake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na cherehani imeacha vituko vyake. Wanangu wanakutii? Huyo mkubwa akijifanya hasikii anapoitwa kuoga, usimbembeleze. Kitinda mimba mwambie jino lake lililong'oka alitunze, nataka kuliona. Mimi kiafya sijambo, nakula na nalala, hata nguo zimeanza kunibana. Najua utashangaa kwa nini nimeandika na simu ninayo. Kwenye simu ningecheka, nawe ungecheka, tungeongea habari za watoto na nisingelisema ninalotaka kulisema. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kitako, usome taratibu.

Nilikwambia kwamba hapa chuoni mwaka wa kwanza kila mtu lazima apitie kozi ya Kiingereza cha kitaaluma, awe anasomea uuguzi au kilimo. Mara ya kwanza kusikia hivyo nilicheka. Mimi, miaka kumi na minne nimefundisha Kiingereza shule ya msingi, leo niketishwe nifundishwe Kiingereza? Nikaingia darasani na ile suti uliyonishonea, nikakaa nyuma kama mkaguzi. Mhadhiri wetu ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, hana makeke, anavaa raba. Insha yangu ya kwanza niliipamba nikaipamba. Ikarudi sentensi ya mwanzo imepigwa mstari yote, na pembeni ameuliza nani kasema, na nimejuaje. Sentensi yenyewe ilisema kwamba tangu dunia iumbwe elimu imekuwa taa ya binadamu. Dada, kweli, nani kasema? Nikanuna wiki nzima.

Hayo ningeyameza. Kilichonikwama kooni ni Kimya. Unamkumbuka, binti wa seremala jirani yako, niliyemfundisha darasa la tatu na la nne. Jina hilo nilimpa mwenyewe kwa sababu ukimuuliza swali alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Wewe ndiye uliyekwenda kumsihi baba yake asimkatishe masomo, ukakaa karakanani asubuhi nzima ukipaza sauti juu ya msumeno. Basi yuko hapa, darasa moja na mimi, kiti cha mbele, na siku hizi hanyamazi.

Siku aliponiona alisimama kunipokea mkoba, akawatangazia wenzake kwamba huyu ndiye mwalimu wake, kwamba Kiingereza chake chote kilianzia kwenye picha nilizokuwa nachora ubaoni kwa chaki. Alisema kwa nia njema, najua. Lakini mhadhiri akatabasamu, akasema basi mwanafunzi amempita mwalimu, na darasa zima likacheka, nami nikacheka nao huku roho inaniuma. Tangu siku hiyo kila alichofanya kilinikera. Insha yake ikiwekwa kwenye skrini tuisome kama mfano, mimi natafuta kosa. Akiniita Mwalimu mbele za watu, naona ananisimanga. Akisema hajui, naona anajidai. Nilikuwa nahesabu mara ngapi mhadhiri anamtazama yeye na mara ngapi ananitazama mimi. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nahesabu mambo kama hayo.

Halafu likaja suala la dawati. Kozi ina dawati moja maktabani ambako mwanafunzi mmoja huchaguliwa kuwasaidia wenzake kuandika, anavaa beji na jina lake linabandikwa mlangoni. Nilijiambia hilo ni langu, nani mwingine hapa amewahi kumfundisha mtu? Mhadhiri akasema atalitoa baada ya insha kubwa ya muhula, ila tusishangae likienda kiti cha mbele. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Sasa nikueleze jinsi insha kubwa inavyofanyika, maana hapo ndipo penye mambo. Kabla ya kukabidhi, mnabadilishana rasimu wawili wawili. Kila mmoja anasoma kazi ya mwenzake na penseli mkononi, kisha anajaza fomu yenye maswali saba na kutia sahihi. Je, hoja inaonekana? Je, aya zinafuatana? Swali la tano linauliza kama maneno yote ya kuazima yametajwa yalikotoka. Hilo wanalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu kutumia maneno ya mtu bila kumtaja hapa wanaita wizi, na mtu anaweza kufukuzwa. Kimya aliomba awe na mimi. Aliandika juu ya kelele za mashine za mbao na masikio ya mafundi, yaani juu ya baba yake, ingawa hakumtaja. Nilisoma Jumapili mchana chumbani kwangu, nikajaza fomu, nikatia sahihi, nikamrudishia.

Siku tisa baadaye akaitwa ofisini. Katika insha yake kulikuwa na aya mbili zilizochukuliwa neno kwa neno kutoka ripoti ya daktari mmoja wa masikio, na jina la daktari halikuwepo popote. Kimya alieleza kwamba zile zilikuwa notisi zake, alizinakili kwenye rasimu akikusudia kurudi kuweka jina, akapitiwa. Wakamuuliza kwa nini hakusoma tena kabla ya kukabidhi. Akawajibu kwamba fomu ilirudi na tiki zangu zote saba, na kwao nyumbani daftari likishapata tiki ya Mwalimu huwa halifunguliwi tena. Mhadhiri ndiye aliyenisimulia. Alisema hanilaumu, jicho la mtu hupitiwa. Kisha akanipa beji ya dawati, kwa kuwa sasa hapakuwa na mwingine. Kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi. Wakimtia hatiani anarudi nyumbani, na hakuna chuo kingine kitakachompokea akiwa na barua ya kufukuzwa kwenye faili.

Juzi jioni alikuja chumbani kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikajiandaa kujibu, maana kujibu ninajua. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiangalia vidole vya miguu yake kama zamani. Aliniomba radhi, Dada. Alisema ameiaibisha sahihi yangu. Akaniuliza kama ningekubali kwenda mbele ya kamati kuwaambia kwamba namfahamu tangu mtoto na si mwizi. Nikamwambia nitakwenda. Akaondoka amefurahi, akaniachia ndizi mbili.

Sasa nisikilize. Jicho langu halikupitiwa. Ripoti ya yule daktari naijua, Kimya mwenyewe ndiye aliyeniazima wiki moja kabla, na aya zile nilizitambua nilipofika mstari wa pili. Nikaweka alama ya kosa kwa penseli kwenye swali la tano. Nikaiangalia alama ile muda mrefu. Nikawaza kwamba nikimwambia atarekebisha kwa dakika tano, insha itakwenda kwenye skrini, na jina lake litabandikwa mlangoni. Nikachukua ufutio, nikaifuta, nikaweka tiki. Sikudhani atafukuzwa, nilidhani atakatwa alama tu na kushushwa kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, lakini kanuni nilikuwa naijua kwa moyo. Nilifanya kwa kijicho, Dada. Sina neno jingine la kuliita, na nimefundisha maneno miaka kumi na minne.

Wiki nzima nimekaa pale dawatini na beji kifuani, nikiwaonyesha vijana wa watu jinsi ya kutaja maneno ya kuazima. Wananishukuru. Mmoja aliniambia nina moyo wa mzazi, nikajisingizia kiu nikatoka nje.

Fomu iko kwenye faili. Ukiiinamisha kwenye mwanga, kwenye swali la tano unaona mkwaruzo wa ufutio, lakini hakuna aliyeiinamisha na hakuna atakayeiinamisha. Nikinyamaza siri inakufa na mimi. Nikisema, huenda nikarudishwa nyumbani mimi badala yake, na ruhusa ya masomo niliyoililia miaka sita ikaishia hapo, na mwalimu mkuu wangu ndiye atakayesoma sababu. Nimeamua kusema. Lakini ninajijua. Hata asubuhi hii nimejikuta napanga jinsi ya kumsifia Kimya kwa kamati bila kugusa swali la tano, na maneno yalikuwa mazuri sana.

Ndiyo maana barua hii naitia posta leo, kabla ya kikao, na sitaweza kuirudisha. Itachukua siku nne kufika. Utakapokuwa unaifungua, ama nitakuwa nimeshasema, ama nitakuwa mwongo ambaye dada yake anajua. Hilo la pili siliwezi. Wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye sijawahi kuweza kumwangalia usoni nikimdanganya, tangu siku ile nilipokata kitambaa chako kipya nikasingizia panya.

Nikirudi na sanduku, nifungulie mlango tu, maswali yaje baadaye. Watoto waambie mama ana likizo.

Na jambo la mwisho nakuomba, ni zito lakini naomba. Ukimaliza kusoma, zivuke hizo hatua kumi uende kwa seremala. Mwambie azime msumeno, akae, umsomee yote, kuanzia picha za ubaoni hadi ufutio. Usipunguze mahali. Na usome kwa sauti kubwa, maana masikio yake unayajua. Majirani wakisikia, wasikie.

Msalimie kila anayeniulizia hali, na wabusu wanangu kwa niaba yangu. Wewe mwenyewe ujitunze, usipande ngazi na goti hilo.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Kijino