Kabusha, Kilima Wanachosema Haina Watu

Papa yangu mupenzi,

Tumusifu Yesu Kristu. Uko namna gani? Ule mugongo ungali unakusumbua, ao umepoa kidogo? Na baridi ya kwetu Kingi? Miye mwili iko muzuri, lakini roho njo haitulii. Chakula hapa Bukavu iko, ila sombe yao, yale majani ya muhogo, wanaipika mbiombio, haina ladha hata kidogo.

Katekista anayekusomea barua hii, tafadhali, afunge mulango kwanza.

Unajua niko mu biro ya mashamba ya Leta, serikali ya wazungu. Zamani makaratasi yote tulikuwa tunayapanga kwa jina ya mutu mwenye kuomba udongo. Basi wazungu wawili wakaomba kilima kimoja, na hakuna aliyejua, kwa sababu makaratasi yao yalikuwa mu masanduku mbalimbali. Siku walipokutana hapa biro, aa, yale makelele! Tulijificha ili tucheke. Tangu pale mukubwa wetu akasema tupange kwa mahali: kila kilima na fishi yake, kikaratasi kigumu chenye jina yake, kila muto na fishi yake. Mwenzangu Anselme, mutu wa Pinga, anapanga Walikale kwa mito. Miye napanga Masisi kwa vilima. Anatuchekelea sana: "Nyinyi watu wa Masisi, mukishuka tu ku kilima munapotea!"

Sasa juma iliyopita nikafika ku vilima vya kwetu. Nikafungua karatasi ya Kabusha. Imeandikwa: udongo mutupu, hakuna watu. Papa, Kabusha! Kule Mama analala mu kaburi! Na chini yake, alama ya kidole chako. Kazi yangu ni kunakili tu, nikaandika ku fishi vile vile.

Nikakumbuka ile habari uliyonielezaga. Agronomu, yule bwana wa kilimo wa Leta, alipokuja na mupima udongo, mulipatana nyote museme Kabusha haina mwenyewe, ili wasiwaongezee mashamba ya lazima. Shamba ilikuwa inapumuzika, majani yamepanda, hakuna cha kuonekana. Wakaamini. Jioni mukanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mukacheka. Siwalaumu. Nani kwetu alishaonyesha muzungu shamba yake kwa mapenzi?

Lakini sasa muzungu mumoja mwenye pulantasio, mashamba makubwa, ameomba Kabusha. Zamani wangetafuta mu makaratasi mupaka wachoke. Leo mukubwa alivuta fishi moja tu, akaona mahali ni peupe, bila mwenyewe, akafurahi. Akanipongeza miye kwa kazi muzuri. Nilitaka udongo unimeze.

Nikajikaza, nikamwambia: "Bwana, pale iko mashamba, iko na makaburi."

Akanionyesha alama ya kidole chako ku karatasi. "Huyu ni nani?"

"Ni Papa yangu."

"Basi Papa yako njo anadanganya, ao weye?"

Kisha akasema, bila hasira, kwamba administrateri, mukubwa wa Leta kule Masisi, atapanda mwenyewe kutazama kabla ya kutoa kilima. Mwenye neno aliseme pale pale. Na aliyesema hivi zamani na leo anasema vingine, gereza iko.

Papa, uende. Musingoje aje, mumutangulie. Chukua kapita, musimamizi wa kilima, na wazee wote muliopatana nao siku ile. Mukate majani, muonyeshe mashina ya ndizi, muonyeshe makaburi. Na useme kwa kinywa chako kwamba ulidanganya, na sababu gani ulidanganya. Usitume kaka Muhindo kwa nafasi yako. Kidole si chake, hawatamusikiliza. Najua gereza ni nini kwa mutu wa miaka yako. Najua fimbo. Nimeandika haya maneno nikilia, karatasi utaiona imelowa.

Unisalimie kaka Muhindo, na muke wake mwenye kunifumia mukeka. Unisalimie koko, umwambie mujukuu wake angali anasali. Dada yangu mudogo Furaha asimwambie mutu hata kule kisimani, namujua kinywa chake. Mujomba mwenye ng'ombe, mumuombe afuatane nawe, maana administrateri ananunua maziwa yake na anamujua.

Wakikufunga, nitaacha kazi hii, nije kukupikia ku mulango ya gereza kila siku. Lakini usiposema, Mama atalala mu shamba ya mutu asiyemujua, na fishi yenye kusema hayuko pale niliiandika miye mutoto wake.

Ni miye, mutoto wako,
Leonardi