Bakuli la Mama Mnadani

Bashay, Jumapili

Limekwenda. Bakuli la kaure la Kichina, kitu pekee alichoniachia marehemu mama, lenye samaki wawili wekundu. Wekundu ule ni wa madini ya shaba, yanayopakwa kabla chombo hakijachomwa. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba shaba ni kaidi tanuruni; vyombo vingi hutoka na rangi ya majivu.

Dada yangu Martina alilijaza mayai akayapeleka kanisani kuwa sadaka. Baada ya ibada mzee wa kanisa akanadi mayai pamoja na chombo chake, na bwana mifugo akashinda.

Nilimfuata mpaka kwenye pikipiki yake. "Mayai chukua, bakuli nirudishie."

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni sadaka. Unataka kumnyang'anya Mungu?" Watu wakaangua kicheko. "Halafu vifaranga wangu hawana cha kunywea maji!"

Vifaranga!

Nyumbani nilimfokea Martina mpaka koo likanikauka. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Kaka, mama mwenyewe angelitoa."

Nimebishana na maaskofu na wabunge bila kurudi nyuma. Hapa nilikubali kushindwa. Ni kweli, angelitoa, tena akiimba.

Na bado nalitaka.