Majibu Yaliyobaki Baada ya Chai

Wafula ndugu yangu,

Niko na hasira na wewe. Nilifikiri tukishakuzika itapungua, lakini wapi!

Ule mfumo wa kompyuta uliowaandikia watu wa kliniki hapa Kitengela umemvunjia Mama Simaloi nyumba. Ndiyo, huyo huyo jirani yetu wa Noonkopir aliyekuwa anakuletea maziwa ukiugua. Alienda kupimwa, akaambiwa ako na virusi vya ukimwi. Hana! Yalikuwa majibu ya mtu mwingine. Mumewe hakungoja apimwe tena. Alimfukuza na mtoto mgongoni, halafu yeye mwanaume akaenda zake kwa mamake Kajiado.

Na nilikuambia. Aki nilikuambia, Wafula! Wewe ndiye ulinifundisha hii kazi, lakini hilo nililiona mimi. Jina la mgonjwa uliliwekea dakika ishirini kwa kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha lifutike. Majibu yake ukayapa masaa mawili, ati mfumo usiende polepole. Nikasema vifungwe pamoja, kimoja kikiisha muda vyote viende. Ukacheka. "Nekesa, wacha uoga. Nani atakaa dakika ishirini bila kugusa kompyuta?"

Nani? Wote! Saa nne ikifika kliniki nzima inaenda chai, kompyuta inaachwa vile iko. Wewe mwenyewe ulikuwa unakunywa nao na kuongeza mandazi. Wakirudi, jina limefutika, karani anaandika la mgonjwa anayefuata, na majibu ya yule wa kwanza bado yako hapo.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikaa chini kule nyumbani Bungoma tukanyolewa nywele, vile desturi yetu inataka wafiwa wafanye. Mama, mimi, watoto wako, hata kale kachanga kako kakilia. Wote siku moja. Hakuna aliyeambiwa angoje wiki ijayo. Nikalia kwa sauti, watu wakafikiri ni msiba tu. Kumbe nilikuwa nakutukana, kwa sababu hivyo ndivyo nilitaka ufanye na jina na majibu, viende pamoja.

Niliporudi sikuweza kufungua kazi yako. Nikiona tu jina lako pale juu, machozi. Nikachelewa wiki moja, na ndani ya hiyo wiki Mama Simaloi akaenda kupimwa. Sasa nimerekebisha. Vitu vyote vya mgonjwa mmoja viko kwa fungu moja, na muda ukiisha vinafutika mara moja.

Kliniki ilimwandikia barua kwamba mitambo ilikosea. Mumewe anasema barua mtu yeyote anaweza kununua. Naye Mama yetu ananililia nisichafue jina lako, udongo bado haujakauka.

Nakupenda, mjinga wewe. Pumzika. Lakini kesho asubuhi naenda Kajiado, nitasimama mbele ya huyo mwanaume na mamake, niwaambie aliyekosea ni Wafula, ndugu yangu wa tumbo moja, na mimi nilijua, nikakuambia wewe tu, watu wa kliniki sikuwaambia.

Nekesa