Doa Kwenye Picha ya Kichwa Chako

Baba yangu,

Nimekaa na uongo wangu miaka yote hii, na leo nakuambia ingawa huwezi kunijibu.

Unakumbuka enzi zile za ruksa, vitambaa kutoka nje vilipomwagika Kariakoo, duka letu likajaa mpaka mlangoni. Kila jora ulilikagua mwenyewe kwa kiganja. Ukikuta kasoro uliizungushia chaki ya bluu, ili fundi akate kwa kuikwepa na gauni litoke. Hukurudisha jora zima kwa kasoro moja, hata wateja walipokucheka.

Kisha kiharusi kikakuangusha palepale kaunta, mkono wa kulia ukapooza. Daktari mmoja aliyekuwa akifanya utafiti alikupiga picha ya ubongo, akasema baada ya miezi sita atakupiga nyingine azilinganishe. Nilipoliona lile doa jeusi, nami sijui lolote, nikakuahidi kwamba ukifanya mazoezi litafutika. Ukaniamini. Kila asubuhi ulikamua vipande vya kitambaa mpaka jasho likakutoka, na mimi pembeni nikikusimamia bila huruma.

Baba Mdogo alikwisha kutamka mbele yetu sote kwamba doa likibaki, funguo za duka anachukua yeye, maana mwenye kichwa kibovu haachiwi biashara. Nilimchukia siku ile, sifichi. Nami nilijua kukaa bila duka kungekumaliza kabla ya ugonjwa.

Siku ya picha ya pili wewe na Baba Mdogo mlibaki kwenye benchi la nje, nikaitwa mimi ndani. Doa lilikuwa palepale, tena jeusi zaidi. Daktari akaeleza kwamba sehemu iliyokufa hairudi. Anachochunguza yeye ni jinsi sehemu za jirani zinavyobadilika na kujifunza ile kazi. Mimi nilisikia "hairudi" tu. Nilipotoka Baba Mdogo alisimama. Wewe ulinitazama.

"Limetoka?"

"Limetoka, Baba."

Baba Mdogo akaangalia pembeni, funguo zikabaki mfukoni mwako. Bahasha ya picha niliificha chini ya majora ya satini, na kila ulipoisogelea rafu ile roho ilikuwa juu. Mwezi haukwisha ukashika mkasi. Mwanzoni ulikata upogo, kisha mkono ukanyooka, ukauza miaka tisa mingine.

Juzi, baada ya arobaini yako, niliitoa bahasha niichome kabla Baba Mdogo hajaiona. Nikakuta doa limezungushiwa chaki ya bluu. Mstari umekwenda upogo, kama mikato yako ya mwezi ule wa kwanza.

Sikuichoma. Nimeona aibu, nimelia, kisha nikafungua duka.

Pumzika, Baba. Funguo ninazo mimi.

Kitinda mimba wako