Mkono Ulitaka, Mimi Sikutaka

Mshauri mpendwa,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, hata mto wangu haujalisikia, na kabla sijakuomba msaada nakuomba usiniite shetani, kwa sababu jina hilo nimeshajiita mwenyewe vya kutosha. Nina miaka kumi na sita. Mama yangu ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, na nina mdogo wangu wa miezi minane tunayemwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake, na mimi, mshauri, naogopa kwamba nitamuua.

Nimeliandika. Mwandiko umepinda lakini nimeliandika.

Ilianza mchana mmoja, wiki kama sita zilizopita, mama anampima mteja mabega, futi iko mdomoni, akaninyooshea kidole nimpe mkasi ule mkubwa wa kukatia vitambaa, na mimi nilikuwa nimempakata Bonge, basi nikaunyanyua mkasi kwa mkono wa kulia huku yeye yuko kushoto ananitemea mate shingoni kama kawaida yake, na ghafla, bila hasira, bila ugomvi na mtu, likanijia wazo kwamba ncha ya mkasi inaweza kuingia pale utosini pake panapodunda. Yaani sikuliwaza, niliona, kama picha, na damu. Nikamtua Bonge juu ya vitambaa kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa, akaangua kilio, mama akatoa futi mdomoni akasema, "Wewe, mtoto huyo ni kaa la moto?" Mteja akacheka na mimi nikacheka.

Tangu siku hiyo picha ile haijanipa nafasi, inanijia nikimwogesha, inanijia nikipita karibu na cherehani, inanijia darasani katikati ya hesabu, na kila mara nashtuka upya kama ndiyo ya kwanza. Ikija nagusa kitasa cha droo ya mikasi mara saba, na kila nikigusa nasema kimoyomoyo nampenda, na mtu akinisemesha katikati naanza upya, siku nyingine mpaka kidole kinauma. Halafu naenda kumtazama Bonge kama anapumua. Halafu namwuliza mama, eti mimi ni mtu mbaya, na mama bila kuinua macho kwenye sindano anasema kibaya ni hizo soksi zako mlangoni. Natulia kidogo, kisha namwuliza tena. Sasa hivi simbebi Bonge kabisa, akinyoosha mikono najifanya nina kazi, na mama anasema ni wivu, mtu mzima kama mimi kumwonea wivu mtoto asiye na meno.

Wiki iliyopita nikauficha mkasi wenyewe, nikaufukia ndani ya ndoo ya unga hadi chini kabisa. Mama aliutafuta asubuhi nzima, ana gauni jeupe la mteja anayelisubiri, akageuza mito, akageuza hata Bonge, akasema nyumba hii mikasi inaota miguu, mwishowe akachukua wembe, wembe ukateleza ukamchana kidole gumba na damu ikadondokea gauni. Damu ya kwanza kumwagika kwetu, mshauri, niliyeimwaga ni mimi, kwa kuogopa damu. Mchana huohuo akachota unga, kikombe kikagonga chuma, akautoa mkasi mweupe pe. Akauliza nani, nikasema sijui. Akaupangusa kwa kanga, akaurudisha kwenye droo.

Lakini kilichonimaliza ni daftari. Nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni tunasoma kwa lugha ile nyingine ambayo mama haisomi, kwa hiyo mambo yangu ya siri huyaandika kwa lugha ya shule. Nikaandika ya siku ile, kwamba mkono wangu ulitaka kumchoma Bonge, nikatafsiri neno kwa neno. Kesho yake nikaisoma sentensi ile, na nikaganda, kwa sababu kwa lugha ile ukitaka umetaka, ni kutamani, hakuna mlango wa kutokea, na mwandiko ni wangu. Kumbe nataka. Nilikuwa najiambia sitaki, kumbe nimeandika mwenyewe kwamba nataka. Ukurasa nimeuchana vipande vipande lakini neno limebaki.

Sasa shule zikifungwa mwezi ujao mama anaanza kazi hospitalini, kushona mashuka, na amefurahi kwamba nitabaki na Bonge kutwa, mimi na yeye na ile droo. Baba ni dereva wa lori, yuko safari ndefu. Nimepanga kutorokea kwa shangazi bila kuaga, nguo nimeshafunga, mama akose kazi lakini Bonge aishi. Je, niondoke, au nijipeleke polisi kabla sijatenda? Mtu ambaye bado hajafanya anapewa adhabu gani? Mama hupenda kusema mwenye roho safi hata ndoto zake ni safi, na mimi

nasikia kandambili za mama anakuja huku, naificha karatasi chini ya


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Barua yako imenifikia imekunjwa mara nne na sentensi ya mwisho haina nukta. Chini ya nini, hukusema. Ila iliyofichwa imepata stempu, na aliyeweza kufanya hivyo hajashindwa.

Nimeshtuka, sikufichi. Sikushtushwa na picha ya mkasi. Picha za namna hiyo huwajia watu wengi sana, mama anayenyonyesha huku kisu kiko mezani, mtu aliyesimama ukingoni mwa ghorofa, na wengi hufa nazo midomoni kwa aibu. Nimeshtuka kwamba mtoto wa miaka kumi na sita amejikamata, amejihukumu, na amefunga nguo za kwenda kifungoni, kwa kesi ya tafsiri.

Wewe msomi wa lugha mbili, hebu tusome moja vizuri. Tukisema mvua inataka kunyesha, mvua ina nia gani? Mtu akisema alitaka kuanguka kwenye ngazi, ndiyo alitamani kuvunjika mguu? "Taka" yetu hiyo ni ya jambo lililoonekana liko karibu, haina tamaa ndani yake. Uliwaza kwa lugha ya mama ukaandika kwa lugha ya shule, ukalivusha neno na maana yake ukaiacha ng'ambo. Na katika barua yako umesema mara nne kwamba kitu hiki kilikujia, kinakujia. Hujasema hata mara moja kwamba umekiita.

Mimi si daktari, na barua haipimi ugonjwa. Lakini mawazo ya kutisha yanayokuja bila kualikwa, yanayomchukiza mwenyewe anayeyapata, na vitendo vya kurudiarudia vya kuyatuliza, hayo yanafanana sana na ugonjwa wa akili unaojulikana na unaotibika. Ni wasiwasi uliovuka mpaka. Watu hutania kwamba wasiwasi ndiyo akili, basi wako umeikalia akili kichwani. Na hupenda kumshika mtu pale anapopenda zaidi. Ndiyo maana picha ni ya Bonge, si ya yule mteja aliyekucheka.

Sasa nikugombeze. Kitasa mara saba, kumchungulia Bonge, kumwuliza mama kila saa kama wewe ni mbaya: huko ndiko kumlisha paka wa jirani kila akilia, halafu unashangaa amehamia kwako. Na mkasi ulioficha umemkata nani? Mama yako. Kwa hiyo kwa shangazi huendi. Polisi hawana kazi na wewe. Unayemhitaji ni daktari wa afya ya akili, na mama anaanza kazi hospitalini, aulizie hapohapo. Huko utafundishwa kuliacha wazo lije, lipige kelele zake, lichoke, bila wewe kugusa kitasa. Si jambo la kujaribu peke yako, na wengine hupewa dawa pia. Ikitokea siku ukaona wazo limegeuka kuwa nia hasa, au ukafikiria kujidhuru wewe mwenyewe, usisubiri miadi, mwambie mtu mzima saa ileile.

Mama umwambie wiki hii. Anza na ndoo ya unga, kwa kuwa kidole chake kinastahili radhi. Kisha sema hivi, na usiongeze chumvi: "Mama, yananijia mawazo ya kutisha kuhusu Bonge. Siyapendi, yananitesa. Nipeleke hospitali." Ulimi ukikwama, mpe gazeti hili.

Na wewe fundi, kama limeshafika mkononi mwako: mtoto wako aliufukia mkasi ili mdogo wake awe salama. Usimwulize ana roho gani, na ule usemi wako wa ndoto safi utundike kwanza kwenye msumari. Usimpokonye Bonge kwa hofu. Kazi ya mashuka itakusubiri siku mbili tatu, mpeleke kwanza.

Mwanangu, sentensi yako bado inaning'inia pale kwenye "na mimi". Ukae uimalizie. Kandambili zikikaribia mlango, usifiche karatasi. Sogea kidogo kitandani, mama apate pa kukaa.