Masikio Yaliyokatwa Sawasawa

Jumamosi, 8 Februari 1794

Nimeitwa mwizi. Si usoni pangu, bali kisogoni – kwenye kinu cha maji, mbele ya watu sita waliokuwa wakisubiri zamu ya kusaga mahindi.

Mwenye kinu, Mzee Ritter, ndiye aliyenisimulia. Obadiah Stegall, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alisema kwamba nguruwe wake watano hawakurudi kutoka msituni. Kisha akaongeza: "Mkitaka kujua waliko, nendeni mkanuse kibanda cha moshi cha yule msomi." Kibanda hicho ndimo tunamokaushia nyama. Watu wakaangua kicheko. Ritter anadai yeye hakucheka. Sina hakika. Hata aliponisimulia midomo yake haikutulia.

Mimi! Niliyehitimu chuo nikiwa wa pili – na huyo wa kwanza alikuwa mpwa wa mkuu wa chuo.

Na tazama wakati aliouchagua. Mwezi ujao mahakama ya wilaya itaamua kama nipewe cheti cha tabia njema. Bila cheti hicho hakuna jaji atakayenipa leseni ya uwakili, hata nikizijua sheria zote kwa moyo. Stegall analijua hilo. Je, ni nasibu? Siamini nasibu.

Kaka Micajah amenisihi niachane naye. "Maneno ya kinuni, Lem, huishia kinuni." Nilimjibu kwa hoja nne. Alisinzia katika ya pili.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeandika hati ya madai kwa mkono wangu. Kurasa saba. Sheria inataka maneno ya kashfa yanukuliwe kama yalivyotamkwa, nami nimeyanukuu, kisha nikaonyesha kwamba anayewaalika watu wakanuse kibanda cha mtu hamaanishi harufu.

Nilirudi kwa Ritter kuthibitisha. Sasa eti hakusikia vizuri, kinu kilikuwa kinanguruma! Juzi kilikuwa hakingurumi? Kuna mtu amempitia.

Jikoni, shemeji Keziah alisema bila kugeuka, "Shemeji, lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Nikamweleza kwa utaratibu kwamba methali si ushahidi, na kwamba hiyo hasa ina kasoro ya kimantiki. Akafunika chungu kwa kishindo. Nadhani alimtupia kaka jicho. Nadhani.

Jumanne, 18 Februari

Siku ya mahakama. Nimewasilisha. Karani Pettus aliisoma hati yangu huku midomo ikimcheza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika unataka kulifungua jambo hili, Bwana Gaither?" Swali gani hilo? Karani kazi yake ni kupokea.

Stegall alikuwepo, na lile sikio lake lililong'atwa katika ugomvi wa mashindano ya farasi. Wiki ileile aliyong'atwa alikimbilia hapahapa kuandikisha kwamba lilikwenda kwa meno ya mtu, si kwa kisu cha sherifu, asije mgeni akamdhania mwizi aliyeadhibiwa. Mtu anayelilinda sikio kwa karatasi anashangaa mimi nikililinda jina!

"Ehe, Kilatini!" akaniita mbele ya kadamnasi. "Leo umekuja peke yako? Nguruwe wangu umewaacha na nani?"

Utetezi wake ni mmoja: kwamba alichosema ni kweli. Hajakana hata neno. Ujasiri huu ameutoa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Wanaume wawili walikuwa wakizungumza kwenye ua wetu wa magogo. Nilipotokea, wakaanza kuzungumzia mvua. Hakukuwa na mvua.

Jumamosi iliyopita majirani walisaidiana kuinua nyumba ya bwana harusi mmoja bondeni. Kila mwenye mikono aliitwa. Sisi hatukuitwa.

Jambo jingine. Kibanda cha moshi kina kufuli. Tangu nirudi kutoka chuoni hakijawahi kuwa na kufuli. Leo ufunguo unaning'inia kiunoni mwa shemeji. Nilipouliza, akajibu, "Rakuni. Wanaiba nyama usiku."

Rakuni!

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka kusoma daftari la alama za mifugo mahakamani. Nilikwenda kutafuta silaha ya kumpiga nayo Stegall.

Nguruwe wote wa wilaya hii hula katika msitu mmoja, na kinachomtenganisha wangu na wako ni masikio tu. Alama ya Stegall: sikio la kushoto limepasuliwa ncha, la kulia lina tundu. Vizuri. Nikafunua ukurasa wetu. *Masikio yote mawili yamekatwa nusu, sawasawa.* Mwandiko ni wangu.

Nilikumbuka siku ile, vuli ya mwaka juzi. Nilikuwa nimerudi juzijuzi tu. Kaka alitaka alama ya kupasua na kuchonga kama watu wengine. Mimi nilibisha. Nilimwambia alama za watu hawa ni fujo – matundu, pengo, panda – na kwamba yetu ifuate kanuni za jiometri: mkato mmoja, pande mbili, ulinganifu. Nilijisifu mno kwa hilo.

"Unaona sasa?" Pettus alisema. "Sikio lililokatwa nusu haliwezi kutuambia kama liliwahi kupasuliwa au kutobolewa. Alama yenu inameza alama za wilaya nzima. Bwana, huku mtu akijiandikishia alama hiyo, watu hufunga mazizi."

"Basi kwa nini mliiandikisha?"

"Ulitusomea hotuba. Isitoshe, tulidhani mnajua mnalolifanya."

"Mimi sikujua!"

"Wewe, ndiyo, hukujua," akasema, akafunga daftari. "Lakini kaka yako amefuga nguruwe tangu hajang'oka meno ya utoto."

Jumapili, 16 Machi

Nimemkabili. Alikuwa akinoa shoka, na hakuacha kunoa.

"Kwa nini hukunikataza alama ile?"

"Ulibisha tangu asubuhi hadi mchana, Lem. Nilikuwa na shamba la kusafisha."

"Ulijua watu wangesema nini?"

"Nilijua."

"Je, walilosema ni kweli?"

Akajaribu ukali wa shoka kwa kidole gumba. "Baridi nzima umekula," akasema. "Hata siku moja hukuuliza nyama imetoka wapi."

Hiyo si ndiyo. Wala si hapana. Mbele ya sheria si ungamo hata kidogo. Ningeweza kulitetea jibu hilo mbele ya jaji yeyote.

Desemba tulichinja nguruwe tisa. Vuli tulikuwa na wangapi wa kwetu? Sijui. Wenzangu walipokwenda msituni kuwahesabu, mimi nilikuwa nasoma.

Jumanne, 18 Machi

Mapumziko. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kisiki nyuma ya mahakama. Wazee kumi na wawili wa baraza wamejipanga juu ya gogo wakipokezana kibuyu cha wiski, na kila nikiinua macho, angalau wawili wananitazama.

Asubuhi Ritter aliapa kwamba hakusikia lolote. Shahidi wangu anayefuata ni Micajah. Jina lake nililiorodhesha mwenyewe, Februari, kwa fahari.

Stegall amenijia hapa kisikini, kofia mkononi. Mtego?

"Nisikilize, Kilatini. Sina ugomvi nawe. Wewe huwezi kumkamata nguruwe hata akiletwa amefungwa. Nitalisema hilo mbele ya mahakimu, karani aandike: Lemuel Gaither si mwizi. Wewe ufute kesi, uchukue cheti chako."

"Na kaka yangu?"

"Nimetaja jina lako. Jina jingine silitaji, kwa heri wala kwa shari."

"Ukinitoa mimi peke yangu, umemtia yeye!"

"Basi mwite aape. Hata mimi natamani kumsikia."

Nilimfuata kaka, nikamweleza masharti ya Stegall. Alikuwa amekaa kwenye gari la ng'ombe akichonga kijiti.

"Nikuite?"

"Wakili ni wewe."

"Utaapa?"

"Ukiniita, nitaapa. Na ukiniuliza, nitajibu nilichoulizwa. Kwa hiyo chagua maswali yako vizuri, mdogo wangu." Kijiti kikavunjika. Akachukua kingine. "Weka sahihi, Lem. Mimi sihitaji cheti."

Hivyo ndivyo ambavyo mwenye hatia angesema. Na hivyo ndivyo ambavyo mtu mkarimu angesema. Nimezijenga hoja za pande zote mbili, na kila upande umenishinda.

Pettus ameleta karatasi. *Asiye mwizi ni Lemuel Gaither, peke yake.* Nani ameongeza "peke yake"? Pettus anasema ni Stegall. Stegall anasema ni Pettus. Nimedai yafutwe, Stegall amecheka, akasema yafutwe tu, naye atangoja kiapo cha kaka. Karatasi iko gotini pangu. Wino upo. Maneno mawili tu! Nimebishana maisha yangu yote kwa ajili ya maneno machache kuliko haya, na sasa sijui ninataka yawepo au yasiwepo.

Sherifu amelitaja jina la kesi mlangoni, mara ya pili.

Micajah ameshuka garini. Amevua kofia. Anaelekea mlangoni – na mimi sijamwita –